Usiku wa Ijumaa ni Siku Gani? Hesabu Tano za Siku Ndani ya Nyumba Moja Pemba

Mwaka jana mama mkubwa alituma ujumbe kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Hitima ya babu ni usiku wa Ijumaa, saa mbili, baada ya Isha. Nyote mnaalikwa." Kwake yeye hapakuwa na la kuongeza. Wajomba na mashangazi wa kijijini wakafika Alhamisi jioni, wakasoma, wakala, wakaomba dua, wakarudi makwao. Jamaa zetu wa Dar es Salaam wakateremka bandarini Mkoani Ijumaa asubuhi na kanzu zao zimepigwa pasi, wakakuta masufuria yameshaoshwa na majamvi yamekunjwa. Na mtoto wa ami aliyeko Muscat, aliyetaka kuitikia dua kwa simu ya video, alipiga Ijumaa usiku, sisi tunafunga milango tulale.

Mama mkubwa aliumia. "Nimeandika usiku wa Ijumaa," alisema, "kwani siku hizi Ijumaa ina usiku mwengine?" Jamaa wa Dar nao waliumia, maana nauli ya boti si ndogo, na babu alikuwa babu yao pia.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na naamini hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliusoma ujumbe ule kwa hesabu yake. Nyumba kama yetu inaishi na hesabu kadhaa za wakati kwa pamoja: ya jua, ya mwezi, ya maji, ya Nairuzi, mwaka wa zamani wa manahodha na wakulima, na ya kalenda ya serikali, ile iliyomo ndani ya simu. Wazee wetu walikuwa wakihama kutoka moja kwenda nyingine ndani ya sentensi moja wala wasione shida. Sisi tumekabidhi hesabu zote kwa kioo kimoja cha simu, na kioo kile kinaijua vizuri moja tu.

Tuanze na usiku ule ule. Katika hesabu ya mwezi siku haianzi saa sita ya usiku, inaanza jua likizama. Sababu yake inaonekana kwa macho: mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi, mara baada ya Magharibi, na hapo ndipo mwezi mpya unapoingia. Kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana tarawehe ya kwanza husaliwa kabla ya funga ya kwanza, na wala hakuna anayeshangaa. Kwa hesabu hiyo, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likitua. Redio zimetafuta njia ya kuwaridhisha wote kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na ni msemo mzuri, ila mzee wa miaka 70 haoni kwa nini aongeze neno kwa jambo analolijua tangu utoto.

Saa nayo ina mzigo wake, ingawa huu ni mwepesi zaidi. Tunahesabu saa tangu jua lichomoze, saa moja asubuhi, na tunaanza tena jua likizama, saa moja usiku. Hesabu hii inafaa kwa sababu ya mahali tulipo. Unguja na Pemba ziko nyuzi tano hadi sita na kitu kusini ya Ikweta, na huku tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwezi wa Januari, na mwezi wa Julai pia halichezi mbali. Mtu wa London hawezi kuishi hivyo. Mchana wake wa kiangazi unapita saa 16, na wa baridi haufiki 8. Angehesabu tangu jua lichomoze, saa yake ingehama kila wiki. Simu zimetengenezwa kwa hesabu inayoanzia katikati ya usiku, na hata ukiiweka simu kwa lugha ya Kiswahili, maneno yatabadilika lakini saa itabaki ile ile. Kwa hiyo "saa mbili" ya mama mkubwa ni 20:00, na kijana aliyezoea kusoma saa kwenye kioo tu anaweza kuandika 2:00 akalala usingizi.

Wiki yetu inachekesha watoto wanapoigundua, na inafaa waigundue. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, mpaka Jumatano ni tano. Kisha inakuja Alhamisi, na hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana! Waarabu walianza kuhesabu kutoka Jumapili, wakafika tano Alhamisi. Waswahili walianza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, siku kuu ya kukusanyika, wakafika tano Jumatano. Hesabu mbili zimekutana ndani ya wiki moja, na kwa karne nyingi watu wamepanga arusi na safari kwa wiki hiyo bila kugombana.

Miezi ndiyo iliyobeba hesabu ninayoipenda zaidi, na inanisikitisha kuona vijana wengi wa skuli hawaijui tena. Bibi yangu hasemi Shawwal wala Muharram. Anasema mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu. Hesabu inaanza pale watu wanapofungua, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, inakwenda mpaka mfunguo tisa, kisha inaingia Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe, ambazo zina heshima ya kuitwa kwa majina yao. Mwezi wa kuzaliwa Mtume ni mfunguo sita. Hijja ni mfunguo tatu. Na ule mwezi ambao kalenda ya Kiislamu inauanzia mwaka, Muharram, kwa bibi ni mfunguo nne. Maana yake nyumba yetu ina mianzo minne ya mwaka: Januari mosi ya serikali, Muharram ya vitabu, mfunguo mosi ya midomo ya watu, na Nairuzi, ambayo nitaifikia.

Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka unarudi nyuma kama siku 11 ukiupima na kalenda ya jua. Ramadhani inazunguka misimu yote, kiangazi, masika, kipupwe na vuli, na kurudi pale pale kwa kiasi cha miaka 33. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba.

Hapa ndipo palipo na fundo linalokaza kila mwaka: mwezi umeandama au haujaandama? Simu inasema mwezi mpya ni leo saa fulani na dakika fulani. Mbona aliyekwenda pwani kutazama hakuona kitu? Jibu ni kwamba simu inazungumzia jambo moja na mtazamaji anazungumzia jingine. Kinachoandikwa kwenye simu ni ile nukta mwezi unapopita usawa wa jua tukiutazama kutoka duniani. Nukta hiyo ni moja kwa ulimwengu mzima, na wakati huo mwezi hauonekani popote. Ili uonekane kama uzi mwembamba unahitaji kuachana na jua, na hilo kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu siku, mara nyingi karibu siku nzima. Hapo pana suala la mahali ulipo, uzito wa mawingu na umbali wa mwezi kutoka upeo wa macho jua linapozama. Waliopo magharibi yetu jua linazama kwao baadaye, mwezi umeshapata saa zaidi za kukua, basi wanaweza kuuona jioni ambayo sisi hatukuweza.

Kisha kuna tarehe ya Kiislamu ambayo simu inaionesha pembeni ya kalenda. Simu nyingi zinatumia hesabu ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia, ambayo hupangwa mapema kwa hesabu za nyota. Simu haijauona mwezi. Inapotofautiana kwa siku moja na tangazo la Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, si kwamba mmoja amedanganya. Na wale wanaofunga kwa mwezi ulioonekana popote duniani, pamoja na wale wanaosubiri mwezi wa hapa, wanatofautiana kwa hoja za fikihi zilizokuwepo kabla hata ya telegramu. Teknolojia haikuanzisha tofauti hiyo. Imeifanya ifike haraka tu: zamani habari ya mwezi wa nchi ya mbali ingefika Sikukuu imeshapita, leo inafika kabla ya futari kupoa. Pemba tumeshapata nyumba moja yenye waliofungua na waliofunga chini ya dari moja, wakapikiana, na nadhani hilo lina thamani kuliko kushindana nani amepata.

Sasa maji, na hapa naomba nikae kidogo.

Bibi yangu analima mwani upande wa mashariki ya kisiwa. Kilimo hiki kilianza kama biashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Anafunga vipande vya mbegu kwenye kamba, kamba anaifunga kwenye vigingi vilivyochomekwa mchangani, na bahari ndiyo inayofanya kazi iliyobaki. Kamba hizo hufikika vizuri wakati wa bamvua tu, maji yanapotoka mbali. Siku za maji mafu yanaondoka kidogo na kurudi kidogo, na shamba linabaki chini. Bandarini, bamvua kubwa lina tofauti ya karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Siku za maji mafu tofauti inaweza kushuka mpaka mita moja hivi. Neno lenyewe pwani limetokana na kupwa, na kwa kweli pale ndipo mahali ambapo maji huondoka.

Bamvua hutokea mara mbili kila mwezi, moja mwezi unapoandama na moja unapopevuka. Siku hizo jua na mwezi vimejipanga mstari mmoja na dunia, vinavuta bahari pamoja. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kwa pembe tofauti, nguvu ya mmoja inapunguza ya mwengine, ndipo maji yanapokufa. Bahari ina uzito wake, haiitiki mara moja, kwa hiyo kilele cha bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka.

Pweza wanaochokolewa mwambani, chaza wanaokusanywa na mwani vyote vinafuata bamvua, na bamvua mbili za mwezi kwao ni sawa. Kwa wavuvi wa dagaa haziko sawa hata kidogo. Wao huvua kwa taa usiku wa kiza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika, kwa sababu taa haimvuti tena dagaa. Kwa hiyo mwezi ukipevuka, mama anarudi kutoka shambani kwake amechoka na baba yuko barazani anashona nyavu. Ukitaka kuelewa kwa nini siku fulani sokoni hakuna dagaa wabichi, angalia juu.

Mtoto wa dada yangu, kidato cha pili, ana programu ya maji kwenye simu. Siku moja alifuatana na bibi, na njiani akasimama.

"Bibi, tumetoka mapema mno. Maji yanakupwa saa nne na nusu, na sasa ni saa mbili."

"Hiyo saa nne na nusu ndiyo ya kugeuka, baba," bibi akamjibu bila kusimama. "Ukifika wewe, maji yanarudi. Kazi utaifanya saa ngapi?"

Jibu hilo limebeba ufafanuzi wote. Programu inatoa nukta, ile dakika ambayo maji yamefika chini kabisa kabla ya kuanza kurudi. Bibi anahitaji muda, saa mbili kabla na saa mbili baada. Yeye hufuata maji yanavyotoka, anaanza na kamba za juu, anashuka nayo mpaka zile za mbali, kisha maji yanamrudisha nyumbani. Aliyesoma nukta akatoka kwa nukta amepoteza nusu ya siku yake ya kazi.

Tofauti nyingine ni kwamba jedwali limepigwa kwa bandari fulani, si kwa shamba la bibi. Nyuma ya mwamba maji hukaa kama kwenye beseni, hayashuki kama yanavyoshuka bandarini. Na upepo haumo ndani ya jedwali. Jedwali linatokana na mwendo wa mwezi na jua, unaoweza kupigwa hesabu miaka mingi mbele, lakini kusi kali linaposukuma maji ufukweni hakuna jedwali lililoandikwa mwaka jana linaloweza kulijua. Bibi anaamka, anasikia mnazi unavyolia, anapunguza au anaongeza.

Lakini simu nayo ina yake. Bibi anajua kwamba mwezi mosi na mwezi 15, yaani siku ya kwanza na ya 15 tangu mwezi kuandama, maji hukupwa karibu na saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa. Kwa wastani yanachelewa dakika 50, ila si sawa kila siku: siku za bamvua yanachelewa pungufu ya hapo, siku za maji mafu yanaweza kupitiliza saa nzima. Simu inazijua dakika hizo moja moja. Inajua pia kwamba bamvua za karibu na Machi na Septemba ni kubwa kuliko nyingine, na inajua siku ambayo mwezi umekaribia dunia zaidi. Sasa wanaulizana. Kijana anamsomea namba, bibi anamwambia namba hiyo kwetu ina maana gani. Mwani huchukua kama wiki sita kukomaa, na bibi hasemi wiki sita, anasema bamvua tatu. Kijana alipiga hesabu, siku 14 na robo tatu mara tatu, akapata 44, akamtazama bibi yake kwa jicho jipya.

Imebaki Nairuzi, hesabu ambayo simu haina kabisa.

Makunduchi, kusini ya Unguja, kila Julai wanakoga mwaka. Banda la makuti linachomwa moto, wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake wanaimba, na wageni wanalishwa. Wengi wanaifahamu sherehe hiyo, ila wachache wanajua kwamba ni mlango wa kalenda nzima. Jina limetoka Uajemi, Nauruz, siku mpya. Lakini Iran husherehekea Machi, siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Kwetu imefikaje Julai?

Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili. Mwaka wa jua kwa kweli una siku 365 na karibu robo. Kalenda ya serikali inalipa ile robo kwa kuongeza Februari 29 kila baada ya miaka minne. Wairani nao waliitengeneza kalenda yao katika karne ya 11 ili siku yao ibaki kwenye majira yake. Hesabu iliyoletwa kwetu na mabaharia ilibaki na siku 365, haikulipa deni. Kwa hiyo Nairuzi inarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kwa umri wa mtu wa miaka 80 ni siku 20. Ukirudi nyuma miaka 160 ni karibu siku 40, na unakuta Nairuzi mwishoni mwa Agosti.

Ndani ya mwaka huo siku zinagawanywa kwa miongo. Mwongo mmoja ni siku 10, miongo 36 ni siku 360, na zinabaki siku 5 zinazoitwa gatha. Manahodha na wakulima walikuwa wakisema tuko mwongo wa mia, yaani takriban siku 100 tangu Nairuzi, na kila mtu akajua upepo wa kaskazi uko mbali kiasi gani, tanga mbili, yaani kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, imeingia au bado, na mbegu ya mpunga imtoke mkononi lini. Hesabu ya mwezi isingeweza kazi hiyo, kwa sababu inazunguka misimu. Ya maji ni ya wiki mbili mbili. Jahazi lililotaka kwenda Arabuni na upepo wa kusi lilihitaji kalenda inayofuata jua, na Nairuzi ndiyo iliyokuwa hiyo.

Lakini ile robo isiyolipwa ina matokeo ambayo sijasikia yakizungumzwa vya kutosha. Tuseme mzee alifundishwa na babu yake, miaka 80 iliyopita, kwamba mvua fulani inaanza mwongo wa mia. Tangu hapo Nairuzi imerudi nyuma siku 20. Mvua ile ile, ikinyesha tarehe ile ile ya jua, leo itanyesha mwongo wa mia na ishirini. Mzee atasema mvua zimechelewa, na atakuwa mkweli kwa hesabu yake, ingawa mvua haikusogea. Hali ya hewa nayo inabadilika kweli. Wakulima wa mwani wanaliona hilo, maji yamekuwa ya moto na ile aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa. Kwa hiyo tukimsikiliza mzee akieleza majira yalivyobadilika, tusiyapuuze maneno yake wala tusiyachukue mazima mazima. Tumuulize: mwongo gani, na aliyekufundisha alikufundisha mwaka gani? Siku 20 ni za kalenda. Zinazozidi hapo ndizo za hali ya hewa, na hizo ndizo za kutuogopesha.

Kijana wetu alitaka kuiweka Nairuzi kwenye simu yake. Akaandika tarehe, akachagua ijirudie kila mwaka. Nikamwambia hapana, ikifika Februari 29 ya 2028 utakuwa umekosea siku moja. Alifikiri, akafuta, akachagua ijirudie kila baada ya siku 365. Simu ikakubali. Akaweka na miongo, kila baada ya siku 10 mpaka 36, kisha akaenda jikoni kumuuliza bibi zile siku 5 za mwisho watu walikuwa wakifanya nini. Walikaa mpaka Magharibi.

Hitima ya mwaka huu imekaribia. Jana mama mkubwa ametuma ujumbe, na nimeusoma mara tatu:

"Hitima ya babu ni usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni, mwezi 20 mfunguo saba. Saa mbili usiku, 20:00 ya simu, Muscat 21:00. Maji yatakuwa yamejaa wakati huo huo, mnaorudi Kojani kwa mashua msikawie baada ya kula."